Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lugha ya Dawa na Ajira ya Mhudumu wa Afya Anayesafiri

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu methali hii hutumiwa kwa maana ya kitamathali. Mgeni anapofika, jiko la mwenyeji huchangamka, na hata aliyekuwa amelala njaa hupata kitoweo. Hata hivyo, yupo mgeni mmoja ambaye kwake methali hii huacha kuwa tamathali ikawa kweli tupu. Naye ni mhudumu wa afya anayetoka kwao kwenda kutibu kwingine: muuguzi wa Nyeri aliyeajiriwa Lamu, tabibu wa Kisii aliyepelekwa Lodwar, daktari wa Kuba aliyeletwa Kenya, mkunga wa Kenya aliyevuka bahari hadi Uingereza. Mgeni huyu huja na dawa. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: je, huja na lugha?

Msimamo wa makala haya ni kwamba maelezo ya dawa ni sehemu ya dawa yenyewe, na kwa hivyo lugha ni sehemu ya ujuzi wa mhudumu wa afya, sawa na kupima shinikizo la damu au kudunga sindano. Nchi za ng'ambo zimelitambua jambo hili na humtahini Mkenya kwa ukali kabla ya kumkabidhi mgonjwa wao. Kenya, kwa upande wake, haijawahi kumtahini mhudumu yeyote ili kuhakikisha kwamba anaweza kumweleza mgonjwa wa Kenya, kwa Kiswahili sanifu na chepesi, namna ya kutumia dawa aliyopewa. Pengo hili linahatarisha uhai wa wagonjwa na kuwafungia vijana wengi milango ya ajira. Aidha, ni pengo ambalo idara za Kiswahili ndizo zilizo na vifaa vya kuliziba.

Maelezo ni sehemu ya dawa

Kiswahili chenyewe kinakiri kwamba neno "dawa" halitoshi peke yake. Kuna dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya panya. Ya kwanza huponya na ya mwisho huua, na kinachozitenganisha ni maneno yanayolifuata neno dawa. Pengine si sadfa kwamba chombo kinachosimamia dawa nchini Kenya kinaitwa Bodi ya Famasia na Sumu. Waliokipa jina walijua kwamba vitu hivi viwili ni majirani wa ukuta mmoja.

Mifano haina uhaba. Paracetamoli ni dawa inayouzwa hata dukani penye sukari na sabuni. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa muda wa saa 24, yaani tembe 8 za miligramu 500. Dawa hiyo hiyo imo ndani ya dawa nyingi za mafua zenye majina mengine. Anayemeza hizi na zile bila kuelezwa huweza kuliharibu ini lake akidhani anatibu kichwa. Methotreksati nayo, kwa mgonjwa wa baridi yabisi, humezwa mara moja kwa wiki. Akiimeza kila siku, yaweza kumuua. Baina ya "kila wiki" na "kila siku" pana tofauti ya neno moja tu, na ndani ya neno hilo mna uhai wa mtu.

Shirika la Afya Duniani liliuona uzito wa suala hili. Mnamo Machi 2017 lilizindua kampeni ya kimataifa ya kupunguza madhara yatokanayo na matumizi mabaya ya dawa, likinuia kupunguza kwa asilimia 50, katika kipindi cha miaka 5, madhara makubwa yanayoweza kuepukika. Shirika hilo lilikadiria kwamba makosa ya dawa huugharimu ulimwengu dola bilioni 42 kila mwaka. Tarehe 17 Septemba 2022, Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, mada iliyoteuliwa ilikuwa usalama wa dawa. Hayo ni ya ulimwengu. Yafuatayo ni ya nyumbani, na yanahusu isimu zaidi kuliko kemia.

Saa nane ya nani?

Chukulia mama anayefika kwenye kituo cha afya saa nne asubuhi akiwa na homa, naye anapimwa na kupatikana na malaria isiyo kali. Tangu 2006 dawa ya kwanza ya ugonjwa huo nchini Kenya imekuwa mseto wa artemetha na lumefantrini. Mtu mzima humeza tembe 4 papo hapo, 4 nyingine baada ya muda wa saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni katika kila moja ya siku 2 zinazofuata. Jumla tembe 24. Muuguzi ni mgeni. Amesomea kazi yake kwa Kiingereza na hufikiri kwa Kiingereza anapohesabu dawa. Anamwambia mama: "Hizi nyingine utameza saa nane."

Je, mama amesikia nini? Muuguzi alikusudia muda wa saa nane kupita, yaani saa kumi na mbili jioni. Mama, ambaye saa zake huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, amesikia saa nane mchana, ambayo ni saa nne tu baada ya dozi ya kwanza. Naye jirani aliyesoma shuleni, akiulizwa, huenda akafasiri kwamba ni saa nane ya Kiingereza, ile ambayo Mswahili huiita saa mbili usiku. Maneno ni mawili, nyakati ni tatu. Hakuna aliyedanganya na hakuna mjinga hapo. Kilichokosekana ni kiunganishi na kitenzi: "baada ya saa nane kupita, yaani leo jioni jua linapotua."

Sentensi "meza kila saa nane" nayo ina utata huo huo. Yaweza kumaanisha kila baada ya muda wa saa nane, na yaweza kumaanisha kila siku ifikapo saa nane. Kwa maana ya kwanza mgonjwa humeza mara tatu kwa siku. Kwa maana ya pili humeza mara moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu hufundishwa utata wa sentensi kwa mifano ya kuchekesha ya watu na wanyama. Huu hapa utata usiochekesha hata kidogo.

Kisha kuna kibahasha cha dawa. Juu yake mhudumu huandika "2 x 3" na kusema "mbili mara tatu". Kwa mfamasia hiyo ni lugha ya kazi: tembe mbili, mara tatu kwa siku. Kwa aliyekaa darasani akakariri majedwali ya kuzidisha, mbili mara tatu ni sita. Kwa asiyesoma kabisa, alama ya katikati ni msalaba. Kibahasha kimoja chaweza kumfikia mzee mmoja katika hali zote hizo kwa wakati mmoja, kwani huenda mjukuu ndiye anayemsomea.

Hata usemi ulio Kiswahili safi unahitaji kutazamwa upya. "Kutwa mara tatu" ni msemo wa jadi wa maelezo ya dawa na una mvuto wake. Lakini kutwa ni mchana, kutoka kucha hadi jua kutua. Ndiyo maana husemwa mchana kutwa na usiku kucha. Msikilizaji makini anayezingatia maana ya neno ataipanga dozi yake yote mitatu kabla ya magharibi, kisha apitishe usiku mzima bila dawa. Kosa litakuwa la nani, lake au la aliyenena?

Vitenzi navyo vina kazi yake. Kiswahili kimejaliwa hazina ya vitenzi vya dawa: kunywa, kumeza, kutafuna, kumung'unya, kupaka, kudondoshea, kuweka chini ya ulimi. Hata hivyo, katika vituo vingi kitenzi kimoja, kunywa, ndicho hubebeshwa mzigo wote. Nomino "kijiko" nayo haikamiliki bila kivumishi. Kijiko cha chai hubeba mililita 5 na kijiko kikubwa cha mezani mililita 15. Mtoto aliyeandikiwa kimoja akapewa kingine hupata dawa mara tatu ya kipimo chake.

Lipo pia suala la tafsida. Wanafasihi huisifu tafsida kama pambo la adabu, na kwa haki. Lakini mhudumu kijana anapomweleza mwanamke wa makamo kuhusu tembe ya kuingizwa ukeni, haya humzuia, naye huzungukazunguka kwa maneno kama "hii ni ya kutumia kule chini". Mgonjwa, kwa haya hizo hizo, haulizi. Anakwenda nyumbani na kuimeza. Mhudumu mwenyeji huenda anaujua msemo unaokubalika mahali pale, wenye adabu na ulio wazi kwa pamoja. Mgeni haujui, wala hakuna aliyemfundisha.

Mtihani wa ng'ambo na mtihani wa nyumbani

Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya wasio na ajira kwenda kufanya kazi Uingereza. Mnamo Novemba mwaka huo Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, alifichua kwamba kati ya wauguzi 300 waliokuwa wametahiniwa, 10 pekee ndio waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Habari hiyo ilizua kicheko na ghadhabu. Wapo waliouliza jinsi watu waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi wangeweza kukifeli. Wapo waliolalamika kwamba mtihani wenyewe ni kikwazo cha kikoloni.

Swali lililosahauliwa katika kelele hizo ni kwa nini Uingereza ilitahini lugha hata kidogo. Baraza la wauguzi la nchi hiyo hudai alama 7 kati ya 9 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, kwa anayepitia mtihani wa IELTS. Ujerumani, ambayo ilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi na Kenya mjini Berlin mnamo Septemba 2024, humtaka muuguzi wa kigeni afikie kiwango cha B2 cha Kijerumani kabla ya kutambuliwa kikamilifu. Nchi hizi zina uhaba mkubwa wa wauguzi. Zinawahitaji. Bado haziwaruhusu kumgusa mgonjwa mpaka lugha ithibitishwe, kwa sababu zinaamini kwamba muuguzi asiyeelewana na mgonjwa ni hatari hata akiwa na vyeti vya kujaza sanduku.

Hebu hali hiyo ilinganishwe na ya nyumbani. Anayetaka kusomea stashahada ya uuguzi katika vyuo vya mafunzo ya udaktari nchini Kenya hudaiwa kuwa na alama ya C katika Kiingereza au Kiswahili. Neno la kutazamwa hapo ni "au". Mtu aweza kuingia katika taaluma ya kuzungumza na wagonjwa wa Kenya kwa kutumia alama ya Kiingereza peke yake, akasoma kwa Kiingereza, akatahiniwa kwa Kiingereza, kisha akaajiriwa mahali ambapo hakuna mgonjwa hata mmoja atakayemwambia anaumwa wapi kwa Kiingereza. Kipengele cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kipengele cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Kama kuna bidhaa ambayo haki hiyo inaihusu kwa dhati, ni dawa.

Kenya ilipata somo la wazi mnamo Juni 2018, madaktari 100 wa Kuba walipowasili na kusambazwa katika kaunti mbalimbali. Walikuwa wataalamu wa nyanja ambazo kaunti nyingi zilizikosa. Mjadala uliowazunguka hadi serikali ilipotangaza mnamo Oktoba 2023 kwamba mkataba hautaendelezwa ulihusu zaidi mishahara, usalama wao na madaktari wa Kenya waliokosa kazi. Lugha ilitajwa kwa kupita tu. Ilhali daktari anayewaza kwa Kihispania akisema Kiingereza, muuguzi akikifasiri kwa Kiswahili, na jamaa akikigeuza Kiswahili kuwa Kipokomo au Kiturkana, agizo la dawa huwa limevuka mito mitatu kabla ya kumfikia mgonjwa. Katika kila kivuko kitu fulani hulowa.

Kiswahili kama daraja la ajira

Huenda msomaji akajiuliza usalama wa dawa unahusianaje na ajira. Jibu limo katika ugatuzi. Tangu 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti 47, na kila kaunti huajiri wahudumu wake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuingilia zijazwe na watu wasiotoka katika kabila lenye watu wengi katika kaunti husika. Nia ya sheria hiyo ni njema. Utekelezaji wake, hata hivyo, hukutana na kisingizio ambacho ni vigumu kukipinga: "Huyu hajui lugha ya wagonjwa wetu."

Kisingizio hiki kina nguvu kwa kuwa kina chembe ya ukweli. Ni kweli kwamba muuguzi asiyeelewana na wagonjwa ni hatari. Lakini pasipo kipimo cha lugha, ukweli huo hutumiwa kufunga mlango mzima kwa mgeni yeyote, hata yule anayekimudu Kiswahili vizuri na angeeleweka na wengi wa wagonjwa. Kwa upande mwingine, mgeni asiyekimudu huajiriwa bila kuulizwa lolote, na wagonjwa wakabaki kubahatisha. Kwa hiyo ukosefu wa kipimo huwadhulumu wote wawili: huyu ajira, na yule afya.

Laiti pangekuwa na mtihani unaotambulika wa Kiswahili cha matibabu, hali ingebadilika. Muuguzi wa Bungoma angekwenda kuomba kazi Kwale akiwa na cheti kinachothibitisha kwamba anaweza kumhoji mgonjwa, kumweleza dozi, kumwonya kuhusu madhara, na kumfariji jamaa wa marehemu kwa Kiswahili. Bodi ya kaunti isingeweza tena kusema tu kwamba hajui lugha. Cheti hicho hicho kingemfaa Dodoma au Bujumbura, kwani Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa Julai 2010, imekubali katika maandishi kwamba wafanyakazi wa kanda hii waweza kuvuka mipaka. Huko Tanzania, ambako Kiswahili ndicho lugha ya wodi na ya foleni, Mkenya anayechanganya saa nane na saa mbili hatavumiliwa kwa muda mrefu.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaopinga kwamba Kiswahili si lugha ya mama ya wagonjwa wengi. Bibi wa Loiyangalani au wa Wajir huenda hakijui Kiswahili zaidi ya anavyokijua Kiingereza. Pingamizi hili ni la haki na halipaswi kupuuzwa. Kiswahili hakitamfikia kila mtu. Hata hivyo, pale ambapo mkalimani hana budi kutumiwa, ni rahisi zaidi kumpata kijana anayejua Kiswahili na lugha ya mama kuliko anayejua Kiingereza cha kitabibu na lugha ya mama. Kiswahili chaondoa mto mmoja kati ya ile mitatu. Pamoja na hayo, ukalimani wenyewe unapaswa kuwa kazi yenye mshahara, badala ya kubebeshwa mtoto wa darasa la sita anayelazimika kumweleza mamake ugonjwa ambao hakupaswa kuujua.

Wengine watasema kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii imekwisha kujibiwa na wakati. Neno UKIMWI liliundwa kutokana na maneno ukosefu wa kinga mwilini, na leo halihitaji kufasiriwa kijijini wala mjini. Dawa zinazotumiwa dhidi ya virusi vyake zilipewa jina la dawa za kupunguza makali, sitiari iliyochukuliwa kutoka kwenye kisu na panga. Sitiari hiyo hueleza kwa maneno machache kile ambacho daktari angehitaji dakika kumi kukieleza: virusi bado vipo, ila ukali wake umefishwa, na ukiacha dawa vitanolewa tena. Lugha yenye uwezo huo haina umaskini wa istilahi. Waundaji wa istilahi hawana budi kukumbuka, hata hivyo, kwamba istilahi inayoeleweka na wahariri wa kamusi peke yao haimsaidii mgonjwa.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, nalo linatoka upande wa wapenzi wa Kiswahili wenyewe. Wao husema: basi lebo zote zitafsiriwe, na kazi iishie hapo. Tafsiri ya pupa ni hatari kama ukosefu wa tafsiri. Mnamo 2010 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa lebo za Kihispania zilizotolewa kwa kompyuta katika maduka ya dawa ya Bronx, jijini New York. Nusu ya lebo walizozichunguza zilikuwa na makosa. Neno la Kiingereza "once", lenye maana ya mara moja, liliachwa lilivyo katika baadhi ya maelezo, ilhali kwa Kihispania neno lenye tahajia hiyo ni kumi na moja. Mgonjwa aliyeandikiwa tembe moja kwa siku angeweza kusoma tembe kumi na moja. Kompyuta haikujua, na mfamasia hakujua Kihispania. Hakuna sababu ya kuamini kwamba Kiswahili kitasalimika na balaa kama hiyo iwapo kazi itaachiwa programu za kutafsiri bila jicho la mtu anayejua lugha zote mbili na anayejua pia jinsi mgonjwa anavyohesabu saa.

Wajibu wa idara za Kiswahili

Kutokana na hoja hizi, mambo matatu yanapendekezwa kwa idara na vyama vya Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya.

Mosi, pawepo kozi ya Kiswahili cha matibabu inayoandaliwa kwa ushirikiano wa idara za Kiswahili na shule za uuguzi, famasia na udaktari. Kozi hiyo isiwe orodha ya istilahi za viungo vya mwili. Iwe mafunzo ya mazungumzo: kuuliza, kusikiliza, kueleza, na kumwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe alivyoelewa. Hatua hii ya mwisho haigharimu kitu zaidi ya dakika moja. Mama wa saa nane angeulizwa, "Basi mama, dozi ya pili utaimeza lini?" jibu lake lingefichua kosa kabla hajaondoka mlangoni.

Pili, wanafunzi wa uzamili waelekeze baadhi ya tasnifu zao kwenye kibahasha cha dawa. Uchunguzi wa uhusika katika riwaya ni kazi yenye thamani, na hakuna anayependekeza uachwe. Lakini sentensi fupi iliyoandikwa juu ya kibahasha husomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote, na hakuna mhakiki anayeishughulikia. Ni msemo gani unaoeleweka vyema zaidi Malindi, Nakuru na Kakuma: "kutwa mara tatu", "asubuhi, mchana na usiku", au "kila baada ya saa nane kupita"? Mzungumzaji wa Kimvita, wa Kiswahili cha bara na mkimbizi wa Kikongo wanauelewa kwa namna moja? Maswali haya hujibiwa kwa kwenda uwanjani na daftari, na kila chuo kina hospitali karibu nacho.

Tatu, vyama vya Kiswahili vidai nafasi za kazi. Mara kwa mara mhitimu wa Kiswahili huambiwa kwamba njia yake ni ualimu na utangazaji tu. Hospitali kubwa ya kaunti inayopokea wagonjwa wa lugha kumi inahitaji afisa wa lugha kama inavyomhitaji mtunza rekodi. Hata ng'ambo soko lipo. Nchini Marekani, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na sheria ya huduma ya afya ya 2010 zilijenga msingi wa wagonjwa kupewa wakalimani hospitalini, na kuwasili kwa wakimbizi wengi kutoka Kongo kumekifanya Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zinazohitajika katika kazi hiyo. Itakuwa aibu kama wakalimani hao watapata mafunzo yao kwingine kote isipokuwa Afrika Mashariki.

Hitimisho

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga. Katika chumba cha dawa methali hii ina maana mahususi, kwani ulimi ukijikwaa pale, anayeanguka ni mtu mwingine. Wahudumu wa afya wataendelea kusafiri, kutoka kaunti hadi kaunti na kutoka bara hadi bara, kwa kuwa maradhi hayangoji na ajira hufuatwa iliko. Kusafiri kwao ni neema kwa wagonjwa na kwa familia zao wenyewe. Kinachodaiwa ni kwamba wasisafiri mabubu.

Mama wa saa nne asubuhi atafika tena kesho katika kituo fulani, na mgeni aliyevaa sare safi atampokea kwa moyo mwema. Dawa itakuwepo. Iwapo mwenyeji atapona ni jambo litakaloamuliwa, kwa sehemu kubwa, na sentensi moja ya Kiswahili. Walio na uwezo wa kuitengeneza sentensi hiyo wamo katika kumbi za mihadhara za Kiswahili, na kazi inawasubiri.